Maswali ya Wasomaji: Nafasi Ipi Ijazwe Kwanza?

Barua zinazochapishwa hapa zimepunguzwa urefu, lakini hoja za waandishi wake hazikuguswa. Zote zimetoka kanda ya kati, na zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: timu inapopata zamu ya kuchagua mchezaji, ianze kujaza nafasi gani uwanjani?

Ndugu Mhariri, sisi ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma tunaopenda mpira wa Kimarekani, na kila mwishoni mwa Aprili hukesha hadi saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa kutazama drafti ya NFL, ligi kuu ya mchezo huo, kwenye simu. Tumegawanyika. Mmoja wetu anasema timu dhaifu ianze na kwotabeki, yaani yule mpanga mashambulizi anayerusha mpira. Wa pili anasema aanze mtu wa safu ya mbele anayemlinda, kwa kuwa mrushaji anayeangushwa kila mara hana faida. Wa tatu anasema achukuliwe mchezaji bora aliyebaki, nafasi yake iwe yoyote. Nani kati yetu yuko sahihi?
*Wanafunzi watatu, Dodoma*

Ndugu zetu, kwa faida ya wasomaji wanaolala mapema, tueleze kwanza kwamba drafti ya NFL ilianza mwaka 1936, na siku hizi timu zote 32 huchagua kwa zamu, katika raundi saba, vijana wanaotoka kwenye mpira wa vyuo vikuu. Timu iliyofanya vibaya kuliko zote msimu uliopita huchagua kwanza na bingwa huchagua mwisho, isipokuwa pale timu zinapobadilishana zamu.

Kabla ya kubishana kuhusu nafasi, tazameni malipo, kwa sababu ubishi wenu unaamuliwa hapo. Tangu makubaliano ya mwaka 2011 kati ya wamiliki wa timu na chama cha wachezaji, mshahara wa kijana aliyechaguliwa hupangwa kwa namba ya zamu aliyochaguliwa, wala si kwa nafasi anayocheza. Sam Bradford, kwotabeki aliyechaguliwa wa kwanza mwaka 2010, alisaini mkataba wa miaka sita wa dola milioni 78. Cam Newton, kwotabeki mwenzake aliyechaguliwa wa kwanza mwaka uliofuata, alisaini wa miaka minne wa takriban dola milioni 22. Kwa wachezaji wazoefu hali ni nyingine kabisa. Mwaka 2024 Dallas Cowboys walikubali kumlipa kwotabeki wao, Dak Prescott, wastani wa dola milioni 60 kwa mwaka, ilhali mkimbiza mpira (yule anayeubeba mkononi na kukimbia nao) aliyekuwa akilipwa kuliko wenzake wote mwaka 2025 alipata zaidi kidogo ya milioni 20. Kwa kuwa ligi hiyo imeweka ukomo wa jumla ya mishahara ya kila timu, timu inayopata kwotabeki mzuri kupitia drafti hubaki na fedha nyingi za kuwalipa wengine kwa miaka minne au mitano, na timu inayotumia zamu ya juu kwa mkimbiza mpira huokoa fedha kidogo sana.

Kwa hiyo kanuni tunayoishikilia ni kwamba zamu za mwanzo zitumike kwa nafasi ambazo ni ghali kuzinunua baadaye na ambazo watu wanaoziweza ni wachache. Kwotabeki anaongoza, kisha wanafuata mlinzi wake wa pembeni katika safu ya mbele, mvamizi anayetokea pembeni kumwangusha kwotabeki wa wapinzani, mpokeaji hodari, na beki anayemfuata mpokeaji huyo. Wapiga mipira ya goli wanaweza kusubiri hadi raundi za mwisho, ingawa Oakland Raiders waliwahi kumchukua mmoja, Sebastian Janikowski, katika zamu ya 17 mwaka 2000.

Hapo mwenzenu wa kwanza atafurahi, lakini asifurahi kupita kiasi. Kanuni yetu inazungumzia kwotabeki mzuri, haimzungumzii kila anayebeba jina hilo. Mwaka 2007 Raiders hao hao walianza na JaMarcus Russell, na baada ya misimu mitatu alikuwa nje ya ligi. Timu inayoshawishika kumchukua mrushaji wa wastani kwa sababu tu haina mrushaji hupoteza mara mbili, kwa sababu humkosa pia yule mlinzi au mvamizi aliyekuwa mbele yake. Wengine humtaja Tom Brady, aliyechaguliwa wa 199 mwaka 2000 akaja kutwaa mataji saba, ili kuthibitisha kwamba kwotabeki anaweza kusubiriwa. Hoja hiyo haina nguvu hata kidogo: kama New England Patriots wangejua walichokuwa nacho mkononi, wasingesubiri hadi raundi ya sita na kuacha makwotabeki sita wachukuliwe kabla yake.

Mwenzenu wa pili anarudia, pengine bila kujua, ubishi uliowakera mashabiki wa Cincinnati Bengals mwaka 2021. Kwotabeki wao, Joe Burrow, aliyekuwa chaguo la kwanza la mwaka 2020, alikuwa ameumia goti vibaya katika msimu wake wa kwanza. Walipofika zamu ya tano, mbele yao walikuwa Penei Sewell, mlinzi wa safu ya mbele, na Ja'Marr Chase, mpokeaji aliyecheza na Burrow chuoni. Wengi walisema kwamba ni wazimu kumwacha mlinzi wakati mrushaji wako anauguza goti. Bengals walimchukua Chase, na Sewell akaenda Detroit katika zamu ya saba. Msimu huo huo Cincinnati walifika fainali ya Super Bowl, baada ya kushinda mechi ya mtoano dhidi ya Tennessee ambayo Burrow aliangushwa mara tisa; katika fainali aliangushwa mara saba, na Los Angeles Rams wakashinda 23 kwa 20.

Kila upande hujitangazia ushindi kwa kisa hiki, na Sewell naye amekuwa miongoni mwa walinzi bora kabisa wa ligi. Sisi tunaona Bengals waliamua vyema. Safu ile ina watu watano, na wapinzani hutafuta aliye dhaifu kuliko wote na kupita kwake, hivyo mlinzi mmoja hodari asingeziba matundu ya wenzake. Isitoshe, baada ya msimu ule Bengals waliweza kusajili wachezaji huru watatu wa safu hiyo, wazoefu, kwa fedha walizokuwa nazo kwa sababu Burrow na Chase walikuwa bado kwenye mikataba ya drafti. Mpokeaji wa kiwango cha Chase wasingempata kwa njia hiyo.

Mwenzenu wa tatu ndiye tunayemkaribia zaidi, kwa sharti kwamba ubora upimwe pamoja na thamani ya nafasi. Pengo linaloonekana Aprili huenda lisiwepo Septemba. Mwaka 2017 Kansas City Chiefs walikuwa na kwotabeki wa kuaminika, Alex Smith, na walikuwa wametoka kushinda mechi 12 kati ya 16 za msimu; hata hivyo walipanda kutoka zamu ya 27 hadi ya 10 ili kumpata Patrick Mahomes, wakamweka benchi karibu msimu mzima, na kuanzia hapo wamebeba Super Bowl mara tatu wakiwa naye. Mtu aliyeorodhesha mahitaji ya Chiefs mwaka ule asingeandika neno kwotabeki popote.

Ndugu Mhariri, hapa Singida tunabishana kuhusu Saquon Barkley. New York Giants walipomchukua wa pili mwaka 2018 walichekwa kwamba wamepoteza zamu kwa mkimbiza mpira. Mwaka 2024 alikimbia yadi 2,005 na timu yake ikawa bingwa. Je, waliowacheka Giants hawapaswi kuomba radhi?
*Mfanyabiashara, Singida Mjini*

Ndugu yetu, ubingwa huo aliupata akiwa na Philadelphia Eagles, na hilo linabadilisha hesabu yote. Katika misimu sita ya Barkley, Giants walifika hatua ya mtoano mara moja tu, msimu wa 2022. Hakuna aliyewahi kusema kijana huyu hana kipaji. Kilichosemwa ni kwamba Giants walikuwa na kwotabeki mwenye umri wa miaka 37, Eli Manning, na safu ya mbele iliyokuwa ikivuja, na drafti hiyo hiyo ilikuwa na Josh Allen, aliyekwenda Buffalo katika zamu ya saba, na Lamar Jackson, aliyesubiri hadi zamu ya 32. Eagles walimsajili akiwa mchezaji huru, wakati walinzi waliokuwa mbele yake walikuwa miongoni mwa bora wa ligi. Wakulima wa Dodoma wanajua kwamba mzabibu husimamishiwa nguzo na waya kwanza, na mkimbiza mpira naye huzaa namna hiyo.

Tunakubaliana nawe kwa jambo moja. Wako watu waliogeuza hoja ya bei kuwa imani kwamba mkimbiza mpira hana thamani hata kidogo, na msimu ule wa Barkley, wa zaidi ya kilomita moja na mita mia nane, umewanyamazisha ipasavyo.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa michezo wilayani Kongwa. Kabla ya kuunda timu ya UMISSETA tunagawa wanafunzi katika timu nne, na manahodha huchagua kwa zamu. Kila mwaka washambuliaji huisha mwanzoni na makipa huachwa mwisho. Je, manahodha wangu wanakosea? Na je, mpangilio wetu wa zamu, ambao haubadiliki, ni wa haki?
*Mwalimu, Kongwa*

Mwalimu, kwenye uwanja wako hakuna mshahara, kwa hiyo sehemu ya bei tuliyoieleza hapo juu inaondoka na kubaki ile ya uhaba. Waelekeze manahodha wahesabu, kabla ya kuanza, ni wanafunzi wangapi wanaoimudu kila nafasi. Kama una makipa wanne wanaolingana, anayemchukua kipa katika raundi ya kwanza amepoteza zamu, kwa sababu kila timu inahitaji mmoja tu na wa kwake atabaki hata akichelewa. Lakini kama kipa wa kweli ni mmoja na wengine watatu wanaukimbia mpira, nahodha wa kwanza asisite, wenzake wacheke watakavyo. Washambuliaji katika shule nyingi ni wengi, kwa kuwa kila kijana hujiona mfungaji. Anayekosekana kwa kawaida ni beki wa kati mtulivu anayeweza kuwapanga wenzake kwa sauti, na huyo ndiye ambaye sisi tungemtazama mapema.

Kuhusu zamu, NFL hurudia mpangilio ule ule kila raundi kwa makusudi, maana lengo lake ni kumwinua aliye dhaifu. Timu zako zinaanza zikiwa sawa, kwa hiyo ugeuze: aliyechagua wa kwanza katika raundi ya kwanza awe wa mwisho katika raundi ya pili, na hivyo hivyo hadi mwisho.

Ndugu Mhariri, kwa nini Bodi ya Ligi isilete drafti hapa, ili Dodoma Jiji ichague kabla ya Simba na Yanga? Na kama haiwezekani, timu yetu iweke fedha zake kwenye nafasi ipi?
*Shabiki, Area C, Dodoma*

Ndugu shabiki, haiwezekani kwa urahisi. NFL haina kushuka daraja, na vyuo vikuu vinavyolea vijana wake havidai ada ya uhamisho. Kwetu timu inayoburuta mkia hushuka, na mchezaji huwa na mkataba na klabu iliyomlea, ambayo ina haki ya kulipwa.

Swali lako la pili lina uzito zaidi, na jibu lake linaelekea kinyume cha tulichowaambia wanafunzi. Katika drafti bei ya zamu imefungwa, ndiyo maana timu hukimbilia nafasi ghali. Katika dirisha la usajili bei iko huria, mfungaji wa mabao hupandishiwa dau na vigogo, na klabu iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2020, inayomilikiwa na halmashauri, haiwezi kushinda mnada huo. Hata ikimpata, akifunga vizuri ataondoka. Fedha za Dodoma Jiji zina nguvu zaidi kwa beki wa kati na kiungo mkabaji wenye umri wa miaka 19 hadi 22, kutoka Ligi ya Championship na mashindano ya shule, ambao dau lao ni dogo kuliko pointi wanazookoa ugenini. Mshambuliaji achukuliwe kwa mkopo.