Matairi manane, gari moja

Mdogo wangu, salamu kwako na kwa wote hapo nyumbani Arua, Uganda. Nilisoma mlichoandika chini ya ile picha ya stoo yangu. Wewe ulisema: "Dada, hayo matairi manne yamelala bure, yatume niyafunge kwenye spesho," yaani ile teksi yako ya kukodi. Shangazi naye akauliza kama sasa nina magari mawili. Nimekaa na maneno hayo siku tatu, kwa sababu jibu lake linagusa mambo ya huku ambayo huwa siyasemi kwenye simu.

Gari ni moja. Ni lile lile kuukuu nililonunua ili niwahi zamu ya alfajiri, kabla mabasi hayajaanza kupita. Nikiishi hapa Gävle, kaskazini mwa Stockholm, lazima niwe na seti mbili za matairi. Sheria ya Uswidi inasema kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 31 Machi, barabara ikiwa na theluji au barafu, gari litembee na matairi ya baridi, na meno yake yasipungue milimita 3. Kwa yale ya majira ya joto, milimita 1.6 inatosha. Kwa hiyo hayo manne uliyoyaona si akiba, Shangazi. Ni gharama ya kuruhusiwa kwenda kazini.

Siri iko kwenye mpira. Tairi la majira ya joto likikutana na baridi ya chini ya nyuzi 7 hivi, mpira wake unakakamaa na kuacha kushika barabara. La baridi limetengenezwa kwa mpira laini, lenye mikato midogo mingi inayong'ata theluji, na mengine yana vijino vya chuma. Sikuyaamini haya mpaka nilipokanyaga breki juu ya barafu na gari likaendelea kwenda kana kwamba sijafanya kitu.

Gereji hubadilisha na hata kukutunzia seti nyingine kwa malipo. Mwaka wa kwanza nililipa. Nilipopiga hesabu ya Oktoba na Aprili, kila mwaka, nikaona hiyo ni karo ya mtoto inayoondoka. Nikanunua jeki nzuri na spana ya kupima nguvu ya kukaza, na tangu hapo nafanya mwenyewe uani. Baba alitufundisha kufungua nati gurudumu likiwa bado chini, na ndivyo inavyotakiwa: zilegeze kidogo kwanza, gari likiwa mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa, ndipo upandishe jeki. Huku barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi huleta kutu, kwa hiyo rimu hung'ang'ania. Nalipiga tairi kwa kisigino mpaka liachie, nasugua kutu kwa brashi ya waya, kisha nafunga lile jingine kwa vidole kwanza. Kukaza ni kwa kuvukanisha, hii kisha ile inayoikabili, si kwa kuzunguka.

Kuna kosa nililofanya ambalo sikuwahi kumwambia Mama. Majira ya baridi ya pili nilikaza, nikaondoka, sikurudia. Baada ya siku chache nikasikia gurudumu la mbele linagonga. Nikasimama pembeni gizani, nikakuta nati mbili zinazunguka kwa mkono. Magurudumu yakishabadilishwa, tembea kilomita 50 hadi 100, kisha kaza tena. Sasa sisahau. Nawe usisahau, hata baada ya pancha ya kawaida.

Yanayovuliwa nayaosha chumvi, nayakausha, nayachokonoa mawe. Kwa kuwa yako kwenye rimu, nayalaza moja juu ya jingine. Yasiyo na rimu husimamishwa na kugeuzwa mara kwa mara. Stoo iwe na giza na ubaridi, mbali na petroli na oili, maana jua na mafuta hula mpira. Kwenye kila moja naandika kwa chaki, kwa Kiswahili: mbele kushoto, nyuma kulia. Jirani yangu aliuliza ni lugha gani, na siku hiyo tulizungumza kuhusu Arua kwa muda mrefu kuliko siku zote tulizokaa mlango kwa mlango.

Sasa ombi lako. Sikukatalii kwa uchoyo. Mpira huo laini ukiuweka kwenye lami ya Arua kwenda Koboko saa saba mchana, utaisha upesi sana, gari litayumba kwenye kona, na breki itachelewa kushika. Umebeba watu. Siwezi kukutumia kitu cha namna hiyo halafu nilale.

Na nina hofu kwamba matairi kama haya yamo katika mitumba inayouzwa huko. Tazama ubavuni: ukiona mchoro wa mlima wenye vilele 3 na chembe ya theluji ndani yake, hilo ni la baridi. Usilichukue hata likiwa na meno mazuri. Kisha tafuta herufi DOT na usome tarakimu 4 za mwisho: 3517 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2017. Tairi lililokaa miaka mingi hupasuka hata kama halijawa kipara.

Mwisho wa mwezi nitatuma pesa za matairi mawili mapya ya mbele. Ya nyuma tutayafikiria baada ya Krismasi. Kabla hujalipa, yapige picha ubavuni, hizo tarakimu zionekane vizuri, unitumie. Nikiwa kazini nisubiri, nitajibu wakati wa mapumziko.