Bei itajwe mbele ya friji: ushauri kwa anayeuza vitu vilivyotumika mtandaoni

Ukitangaza friji mtandaoni jioni ya mwisho wa mwezi, simu haitulii. "Bado ipo?" "Bei ya mwisho?" "Uko wapi?" "Nitumie picha." Unajibu mmoja mmoja, na wengi wao hutawasikia tena. Yupo atakayekuambia yuko njiani, ukaacha shughuli zako kumsubiri, halafu simu yake haipatikani. Yupo atakayefika, akafungua mlango wa friji, akachungulia nyuma, akataja nusu ya bei mliyokubaliana kwenye simu. Nimeona watu wakikata tamaa kwa mambo haya, wakaishia kumwachia dalali wa mtaani vitu vizima kwa bei ya kutupa.

Nimekuwa nikiuza vitu vya nyumbani kwa njia hii kwa miaka kadhaa hapa Dar es Salaam: vyangu, vya ndugu wanaohamia mkoani, vya majirani wasiopenda kubishana na watu. Nilichokiona ni kwamba usumbufu mwingi unatokana na mambo ambayo hayakusemwa mapema. Mnunuzi hajui hali ya kitu, hajui kama bei ni ya kweli au ya kuanzia, hajui wewe ni nani. Isitoshe, ameshatapeliwa yeye mwenyewe au mtu wake wa karibu. Ndiyo maana anauliza kwa mkato, anajaribu, anapotea. Muuzaji anayeweka kila kitu wazi tangu mwanzo huchoka kidogo na huuza haraka.

Tuanze na tangazo. Watu huandika "Friji kali sana, bei poa, njoo inbox". Hapo umemwita kila mtu, na kila mtu atakuja kukuuliza yale yale. Andika lita ngapi, milango mingapi, umelitumia muda gani, liko wapi, ghorofa ya ngapi, na bei. Bei ikae kwenye tangazo lenyewe. Nimesikia hoja kwamba kuificha kunavuta wateja, lakini wanaovutwa ni wale wanaotaka kujua tu, na hao ndio wanaokumaliza.

Kisha andika kasoro. Kama raba ya mlango imelegea, sema. Kama droo ya mboga imepasuka, piga picha ile pasuko kwa karibu na uiweke miongoni mwa picha za kwanza. Wauzaji wengi wanaogopa hatua hii, na mimi naiona ndiyo yenye faida kuliko zote. Mteja akiikuta kasoro mwenyewe nyumbani kwako, anaona umemficha, na hata kama ni ya shilingi 10,000 atataka umpunguzie 100,000. Akiwa ameiona kwenye picha kabla ya kupanda daladala, anakuja akiwa ameshaipigia hesabu. Huyo hana sababu ya kuanza mazungumzo upya mlangoni.

Piga picha mchana, kitu kimefutwa vumbi, mlango wazi na umefungwa. Piga na kile kibandiko cha kiwandani chenye modeli na namba. Kama ni TV, iwe imewashwa na inaonyesha chaneli. Na katika picha moja weka karatasi uliyoandika kwa mkono tarehe ya siku hiyo na herufi za jina lako. Madalali wa mtandaoni huchukua picha za watu wakazipeleka kundi jingine na kuongeza cha juu, na huyo wa cha juu ndiye mwenye nafuu. Mwingine ni mwizi kabisa.

Hapa nieleze kwa kirefu, maana niliyaona kwa macho yangu.

Nilikuwa nauza friza la jirani yangu, tumeandika 450,000. Akanipigia mwanaume mmoja, mstaarabu wa maneno, akasema amelipenda na hana shida na bei. Akasema dada yake atakuja kuliangalia, lakini nisimtajie bei kwa sababu ni zawadi, yeye ndiye atakayelipa. Siku ya pili akafika mama mmoja wa makamo kutoka Mbagala, na kirikuu ameshakodi, dereva anasubiri nje. Nikamwamkia, nikamkaribisha, tukaliwasha friza. Akaingiza mkono ndani, akasikiliza mlio wa kompresa, akaniambia anataka kuuza barafu na juisi pale kwake, shule iko karibu. Akatoa simu. Nilimwambia kama ninavyomwambia kila anayekuja: "Mama, bei ni 450,000 kama ilivyo kwenye tangazo, na hela inaingia kwa mwenye friza, huyu hapa."

Akaniangalia. "Mbona kaka yako kaniambia 300,000? Na nusu nimeshamtumia jana, nusu nyingine kasema nimtumie nikishaliona."

Yule mwanaume alikuwa amechukua picha zetu na kuzitangaza kama zake kwa bei ya chini. Kwangu alijifanya mnunuzi, kwa yule mama alijifanya mwenye mali, na sote wawili alituomba jambo moja: tusizungumzie bei. Mama aliambiwa eti shemeji wa nyumbani ni mkorofi, asije akasikia friza linauzwa rahisi. Tulipompigia, simu ikaita mara moja, kisha ikazimwa. Ile 150,000 aliyotangulia kuituma ilikuwa imeshatolewa. Kilichookolewa ni ile nusu ya pili, iliyokuwa imebaki kubonyeza namba ya siri tu.

Mama alikaa kwenye ngazi muda mrefu. Dereva alitaka hela yake ya kuja, na alikuwa na haki. Tuliandamana na mama polisi akafungua taarifa, namba ya yule mtu tukaituma kwenda 15040, namba iliyowekwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa ajili ya kuripoti matapeli. Hela hakuipata.

Tangu siku ile nimekuwa mkali kwenye jambo hili. Yeyote atakayekuomba usitaje bei mbele ya mtu anayekuja kuona kitu, mkatae hapo hapo. Hata kama kweli ni zawadi, hata kama ni bosi na dereva wake. Bei itajwe kwa sauti, mbele ya kitu chenyewe, kati ya mwenye kitu na aliyesimama mbele yake. Na wewe unayenunua, usitume hata shilingi kwa mtu ambaye hajasimama karibu na hicho kitu, hata akikuambia kuna wateja watano wanakigombania.

Kwenye malipo, adui mkubwa ni ujumbe wa uongo. Mteja anakuonyesha kwamba ametuma, na kwako unaingia ujumbe unaofanana kila kitu na ule wa mtandao: kiasi, tarehe, namba ya muamala, hata salio jipya. Usiusome kama ushahidi. Angalia salio lako mwenyewe kwa kupiga *150*00# kama ni M-Pesa, *150*60# kama ni Airtel Money, *150*88# kama ni HaloPesa. Mteja akikuharakisha kwamba mtandao uko chini na gari linamsubiri, mwambie naye asubiri. Mtandao ukirudi hela itaonekana, na kitu kitatoka. Hakuna mtu mwenye nia njema anayeudhika kwa dakika tano za kuhakikisha.

Kwa vitu vya bei kubwa napenda mnunuzi tuongozane kwa wakala. Anamkabidhi wakala taslimu, wakala anaiweka kwenye namba yangu, sote watatu tunaona. Kunakuwa na shahidi, na hakuna anayetembea na laki kadhaa mfukoni kurudi nyumbani.

Kwa kitu kidogo kama simu au kompyuta mpakato, usimlete mnunuzi nyumbani kwako. Kutaneni kituo cha mafuta, ndani ya benki, au duka la mtu unayemfahamu, mchana. Kitu kikubwa hakina budi kuonwa kilipo, basi hakikisha hamko wawili tu. Akina dada nawaambia hili kwa msisitizo. Kuna wanaume wanaotumia tangazo la sofa kuanzisha mazungumzo mengine, wanapiga saa nne usiku wakiuliza unaishi na nani. Usimwonee haya mtu wa namna hiyo. Mzuie, usimjibu. Kama unauza mara kwa mara, tenga laini nyingine ya biashara, isiwe ile ambayo watoto na wazazi wako wanakupigia, na uwe unaizima ukifika muda wako wa kupumzika.

Simu ya mkononi ina mambo yake. Kabla ya kuiuza toa laini, maana imesajiliwa kwa alama zako za vidole na lolote litakalofanywa nayo litakurudia wewe. Toa akaunti yako ya Google au iCloud kwanza, ndipo uirudishe simu kwenye hali ya kiwandani. Ukiifuta bila kutoa akaunti, mnunuzi ataikuta imejifunga na atakuona mwizi. Wanunuzi wa simu wana wasiwasi mkubwa tangu TCRA ilipozima simu bandia mwaka 2016, kwa hiyo piga *#06# mbele yake, IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, ionekane, ilingane na ya kwenye boksi. Kama risiti ya dukani bado unayo, hiyo ni hela. Kisha andikianeni karatasi: majina, namba za vitambulisho, IMEI, kiasi, tarehe, sahihi zenu na ya shahidi. Kila mmoja abaki na nakala. Mnunuzi akikataa kuandika, mwache aende. Muuzaji akikataa, mnunuzi naye aondoke haraka.

Kuhusu kupunguza bei, sina ugomvi na wanaoomba. Kuombana bei ni desturi yetu na wala si dharau. Ninachokataa ni kuombana kwenye simu na mtu ambaye hajaona kitu. "Bei ya mwisho?" huwa najibu: "Bei ni hiyo iliyoandikwa, karibu uje uone, tutaongea ukiwa hapa." Wanaonyamaza baada ya jibu hilo hawakuwa wanunuzi. Anayeuliza njia, anayeuliza kituo cha kushukia, anayeuliza kama mnafungua mlango kabla ya saa mbili asubuhi, huyo mwandalie kiti. Na bei uliyoandika iwe na nafasi kidogo ya kushuka, ili akiondoka aondoke na moyo mweupe.

Usimhifadhie mtu kitu kwa maneno. Kauli yangu ni kwamba wa kwanza kufika na hela ndiye mwenye kitu, na naiandika kwenye tangazo. Tangu nianze kuiandika sijagombana na mtu.

Wakati nao una maana. Januari ada za shule zimekaba kila mtu, wauzaji ni wengi na wanunuzi hawapo. Magodoro, majiko ya gesi ya sahani mbili na friji ndogo huenda upesi vyuo vinapofunguliwa, Oktoba na Novemba, hasa ukiwa karibu na Mlimani, Mabibo au Sinza. Kitu cha thamani ndogo sana, kama feni iliyovunjika bawa, mpe fundi au mpe mtu anayeihitaji. Muda wako wa kujibu ujumbe unagharimu zaidi.

Kuhusu mahali pa kutangaza, tumia tovuti kubwa kwa kufika mbali, lakini usiweke jina lako lote huko. Mwaka 2019 tovuti ya matangazo ya OLX iliuza biashara yake ya Tanzania, Kenya, Uganda, Ghana na Nigeria kwa kampuni inayoitwa Jiji. Majukwaa hubadilika hivyo, na sifa uliyoijenga kwenye moja si lazima ikufuate kwenye jingine. Kundi la WhatsApp la mtaa ni dogo, lakini mle wanakujua, na ukiuza kitu kizuri mara moja, mara ya pili wanakuuliza wao.

Jambo la usafiri lisemwe kabla ya mteja kuja: nani anakodi kirikuu au guta, nani anabeba mpaka chini. Na kama ni friji au friza, mweleze mteja kwamba likilazwa njiani, akifika alisimamishe saa kadhaa kabla ya kuliwasha, ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Malalamiko ya "friji lako limekufa siku ya kwanza" mara nyingi yanatokana na kuliwasha papo hapo lilipotoka kwenye gari. Mimi humwandikia hilo mteja kwenye ujumbe, na jioni yake nampigia kuuliza kama limeanza kugandisha.

Hela ikishaingia, futa tangazo siku hiyo hiyo, kila mahali ulipoliweka, na kwenye makundi andika "imeuzwa" chini ya picha. Picha iliyoachwa inaendelea kukuletea simu miezi mitatu baadaye, na mtu kama yule wa friza huzitafuta hasa hizo ambazo wenyewe wameshazisahau.