Eti ni "walowezi wa kwanza wa Igogo"?

Msomaji wa Igogo hapa Mwanza anauliza: vijana wa mtaani kwao wanaandika historia fupi ya mtaa, wameanza na "walowezi wa kwanza wa Igogo walitoka visiwani na ng'ambo ya ziwa", mzee mmoja akawaka, akasema baba yake hakuwa mlowezi, walowezi ni wazungu. Nani yuko sahihi?

Kisarufi vijana hawajakosea. Mlowezi katokana na kulowea, yaani kuhamia mahali ukakaa mazima (kuna wanaochanganya na kulowa mvua, hayo ni mengine kabisa jamani), na neno lenyewe halichagui rangi ya mtu. Ila mzee naye haropoki, maana watu wa rika lake wamelisikia redioni miaka na miaka likitajwa pamoja na wazungu wa mashamba kule Kenya na serikali ya wazungu ya Ian Smith kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo, kwa hiyo ukimwita baba yake mlowezi yeye anasikia mnyang'anyi wa ardhi.

Mimi kinachonitisha zaidi ni matumizi ya sasa. Huku kwetu kanda ya ziwa, na Kigoma pia, mlowezi limekuwa neno la Uhamiaji, wanasema "wahamiaji walowezi" wakimaanisha watu walioingia nchini zamani, wengine wameshazaa na kujukuu humu humu, lakini karatasi hawana. Sasa wewe andika ukoo fulani ni walowezi waliotoka ng'ambo ya ziwa, na ng'ambo huko kuna Uganda na Kenya, halafu ubandike ofisi ya mtaa uone kama kesho hamjaitwa kikao.

Basi tuseme "wakazi wa kwanza"? Hili halina ubaya, shida ni hiyo "wa kwanza", kwanza kuanzia lini? Wajerumani waliweka kituo chao Mwanza 1892, reli ya kutoka Tabora ikafika 1928, na kabla ya yote hayo Wasukuma walikuwa huku wanalima na kuchunga, sasa hao tunawaweka wapi? Malizieni sentensi, wa kwanza kufanya nini: wa kwanza kujenga juu kwenye mawe, wa kwanza kufungua duka, hapo hakuna atakayebisha.

"Wenyeji" ni neno tamu lakini linageuka geuka. Mwenyeji ni mwenye mji, na lazima awe na mgeni wake, kwa hiyo Mkerewe aliyeshuka na mtumbwi alikuwa mgeni kwa Msukuma mwenye shamba, ila yule aliyeshuka kwenye treni baadaye akapangishwa chumba na huyo Mkerewe, kwake yeye Mkerewe ndiye mwenyeji. Mzawa ni aliyezaliwa hapo, basi, kwa hiyo babu aliyehamia siyo mzawa hata akae miaka 60, wajukuu zake ndio.

Kama wazee wanakubaliana na hiyo habari, mimi ningeandika: "Watu wa kwanza kujenga kwenye mawe ya Igogo walitoka visiwani na ng'ambo ya ziwa, wakawakuta Wasukuma wenye mashamba yao." Na "waasisi" msiweke, hilo tuwaachie vyama vya siasa na klabu za mpira, mtu kajenga chumba kimoja ili awe karibu na kibarua chake, hakuwa anaasisi chochote.