Gari ya kitufe: kuwasha, kupaki na kujaza mafuta bila kuiumiza

Mkuu, umeuliza mambo matatu kwa mpigo. Gari yako ya kitufe asubuhi nyingine haiwaki. Ukiitoa kwenye P (gia ya kuegesha) inapiga "ngo!" chini. Ukijaza fulu tanki, inawaka kwa kusumbua na taa ya cheki injini inakuja. Fundi keshakutajia betri mpya, giaboksi ifunguliwe na pampu ya mafuta. Usitoe hela bado. Dalili zote tatu zinaweza kutokana na mazoea ya gari ya ufunguo wa kuzungusha kuhamishiwa kwenye gari ambayo kila hatua yako inasomwa na kompyuta.

Nianze na kuzima, maana tatizo la asubuhi mara nyingi linatengenezwa jioni. Kwenye Toyota nyingi za kitufe, ukibonyeza kuzima gia ikiwa haijafika P, injini inazima lakini umeme haukatiki. Gari inabaki ACC (umeme wa redio na vifaa vidogo). Utaijua kwa sababu ukishuka na kutaka kufunga milango inapiga kelele na kukataa. Watu wanadhani rimoti imekufa, wanafunga kwa ule ufunguo mdogo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti, wanaingia kulala. Gari ikiwa P, ACC hujikata yenyewe baada ya muda. Ikiwa N au D haijikati, na betri inanyonywa mpaka alfajiri. Kwa hiyo: simama, P, bonyeza, kisha hakikisha dashibodi yote imekuwa giza kabla hujafungua mlango.

Kuwasha sasa. Kanyaga breki kwanza, kwa nguvu, ndipo uguse kitufe. Kwenye Toyota taa ya kitufe inageuka kijani. Maana yake rimoti imetambuliwa na breki imesomwa. Ukibonyeza bila breki unapita ACC, halafu ON (umeme wote, injini bado), halafu inazima, na wengine wakiona hivyo wanasema gari imekufa. Kama uliichezea breki injini ikiwa imezima, pedali inakuwa ngumu kwa sababu ule mvuto wa hewa unaoisaidia umeisha. Kanyaga zaidi ya kawaida. Kijani isipokuja kabisa, mwambie mtu asimame nyuma aangalie taa za breki. Zisipowaka, kagua fyuzi yake na swichi iliyo juu ya pedali, kitu kidogo cha bei ndogo. Kwa dharura, Toyota nyingi zinakubali hivi: weka P, vuta handbreki, peleka ACC, kanyaga breki, shikilia kitufe kama sekunde 15. Itawaka, uende kwa fundi taratibu ukijua taa zako za breki hazifanyi kazi.

Rimoti ikiisha betri, igusishe kwenye kitufe chenyewe, upande wenye nembo, huku umekanyaga breki, ikilia, bonyeza. Betri zake ni zile bapa kama kishikizo, nyingi ni CR2032 au CR1632, soma iliyoandikwa kwenye ile ya zamani. Na usiibebe rimoti imebanana na simu mfuko mmoja, mawimbi yanagombana. Stelingi ikiwa imejifunga, izungushe kidogo kushoto na kulia huku unabonyeza.

Ukifika ON (bonyeza mara mbili bila breki), zipe taa za dashibodi sekunde mbili tatu. Oili, chaji, ABS na eabegi zinatakiwa ziwake kisha zizime, ila ya oili na ya chaji huzimika tu baada ya injini kuwaka. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayowaka, maana kuna wauzaji wanaing'oa ili usiione. Silensa (mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama) ikianza juu, 1,200 hadi 1,500 kwa dakika, kisha ikashuka kwenye 700 hivi, hiyo ni kawaida. Nusu dakika inatosha, ondoka polepole. Kuunguruma dakika kumi kwa joto la huku ni kuchoma mafuta bure. Haibridi ni kesi nyingine: hakuna mlio, tazama neno READY tu. Likiwaka, gari iko tayari kutembea hata kama iko kimya, kwa hiyo usishuke ukamwacha mtoto ndani.

Na jambo hili halina utani: gari ya kitufe haizimi kwa sababu umeondoka na rimoti. Itapiga kelele, lakini injini itaendelea. Ukiiacha inaunguruma ndani ya gereji iliyofungwa iliyopakana na chumba cha kulala, gesi ya kaboni monoksaidi iliyo kwenye moshi haina harufu na inaua waliolala.

Betri ipime kabla ya kununua nyingine. Gari ikiwa imelala usiku, volti 12.4 hadi 12.7 ni nzuri. Chini ya 12.2 ichaji kwanza. Injini ikiwaka isome kati ya 13.5 na 14.7. Kwa mji wa Mtwara, Mikindani na Lindi mjini, angalia terminali kwanza: chumvi ya bahari inaotesha unga mweupe au wa kijani, umeme unashindwa kupita na betri nzima inasingiziwa. Osha kwa maji ya moto, kausha, kaza, paka grisi. Fundi akitaka kupima oltaneta (mtambo unaochaji betri) kwa kuchomoa terminali injini ikiwaka, mzuie. Kwa magari ya zamani ilipita. Kwa haya umeme unaruka juu ghafla na kuua kompyuta.

Kubusti (kuazima umeme wa betri ya gari nyingine kwa waya): nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, nyekundu ya pili kwenye chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari iliyokufa, mbali na betri, kwa sababu betri hutoa gesi inayowaka kwa cheche. Kuchomoa, rudi kinyume. Kuigeuza nyekundu na nyeusi ni kuunguza oltaneta na fyuzi kubwa. Haibridi isitumike kubusti wenzake. Na gari ya otomatiki haiwaki kwa kusukumwa, hata mkiwa kumi.

Ule mlio wa "ngo!" ni namna unavyopaki. Ndani ya giaboksi P ni jino dogo tu linaloingia kwenye gurudumu lenye meno. Ukiweka P kisha ukaachia breki mahali penye mteremko, uzito wote wa gari unalala kwenye jino hilo, na ukilitoa linachomoka kwa kishindo. Fuatisha hivi: simama kwa breki ya mguu, weka N, vuta handbreki (au kanyaga ile ya mguu wa kushoto), achia breki polepole mpaka gari ikae kwenye handbreki, kanyaga tena, weka P, zima. Kuondoka, kanyaga breki, toa P, ndipo uachie handbreki. Fanya wiki moja. Mlio ukiisha, giaboksi haikuwa na neno. Ukiendelea hata penye usawa, hapo angalia mipira ya kushikilia injini kabla ya kufungua chochote.

Kwenye vilima vya Lindi mjini, au Newala ambako mji umekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, ongeza na tairi. Gari ikitazama chini, kunja kushoto. Ikitazama juu na kuna ukingo wa barabara, kunja kulia, ili ikirudi nyuma tairi iuegemee. Bila ukingo, kunja kushoto itoke barabarani. Ukiweka jiwe, liondoe ukiondoka. Wa nyuma yako usiku hataliona.

Kupaki chini ya mkorosho kuna hatari ambayo watu wanaipuuza. Masega ya eksozi (kile kisafisha moshi chini ya gari) yakiwa kazini yanazidi nyuzi joto 400, na majani makavu ya kiangazi yanagusa tumbo la gari. Ukitoka safari ndefu, egesha kwenye udongo mtupu. Ufukweni Msimbati, Mtwara, nako watu wanashuka na gari mpaka mchangani: bahari hujaa ndani ya saa sita hivi, na siku za bamvua inafika mbali kuliko alama uliyoiona jana. Ukishaosha gari au ukitoka ufukweni, kanyaga breki mara kadhaa njiani zikauke, la sivyo handbreki inakamata kwa kutu.

Mafuta. Najua Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA (wadhibiti wa bei za mafuta) wanatoa bei mpya, na usiku wa kuamkia siku hiyo kila mtu anataka tanki limwagike. Hapo ndipo cheki injini yako inapotokea. Nozeli ikikata mara ya kwanza, basi. Juu ya tanki kuna nafasi ya mvuke, na mvuke huo hupita kwenye kopo la mkaa kabla ya kunyonywa na injini. Ukilazimisha shilingi zitimie, petroli yenyewe inaingia kwenye kopo, mkaa unalowa, injini inapewa mafuta mengi kupita hewa, ndiyo maana haiwaki vizuri dakika chache baada ya sheli. Isitoshe, petroli hutanuka: lita 40 zikipanda nyuzi 10 zinaongezeka karibu lita 0.4. Ikigoma baada ya kujaza, weka P, breki kwa mguu wa kushoto, bonyeza akselereta mpaka nusu huku unawasha, usipampu.

Zima injini ukiwa sheli, sigara hapana, simu iache. Kidumu kijazwe kikiwa chini sakafuni, nozeli ikigusa mdomo wake, kamwe si ndani ya buti, kwa sababu ya cheche za umeme tuli. Lori likiwa linashusha mafuta, pita sheli nyingine. Uchafu wa chini ya tanki lao umetibuliwa. Hakikisha pampu imeanza sifuri, chukua risiti ya EFD. Mafuta yakiwa mabaya ndiyo ushahidi wako. Usikae chini ya robo tanki, pampu ya ndani inapozwa na mafuta yenyewe. Ukitoka Lindi kwenda Dar usiivuke Nangurukuru na mshale umelala.

Wenye dizeli ndio wajihadhari zaidi na kuchanganyiwa, kwa kuwa nozeli ya petroli ni nyembamba na inaingia kwao bila shida. Ikitokea, usiwashe, hata ON usifike, maana pampu ya tanki inaanza kusukuma. Ivutwe, tanki likaushwe. Petroli inaondoa ulaini unaolinda pampu ya presha, na unga wa chuma ukishafika kwenye nozeli za injini gharama inakuwa ya gari nyingine.

Kwako mkuu: kaza mfuniko wa tanki mpaka ulie, tembea siku kadhaa bila kujaza kupita mkato wa kwanza. Taa ikibaki, kapimwe kwa mashine na uweke hapa kodi (namba ya hitilafu) iliyotoka, pamoja na modeli ya gari. Ikiwa P0455 au P0457 (mvuke wa mafuta unavuja), anza na mpira wa mfuniko.