Kabla Hujanunua Sipiyu Nyingine ya Steshenari, Badilisha Diski

Sisi wenye steshenari hapa Tanga, hasa tuliobanana kwenye barabara za namba za Ngamiani, kompyuta ikianza kukwama tu tunawaza kununua nyingine. Tunazunguka kutafuta mtumba mwingine, tunauliza kama prosesa ni i3 au i5, tunalipa, halafu tunabeba sipiyu, yaani boksi zima la kompyuta, yenye diski ya aina ileile. Mimi bado nafanyia kazi Dell OptiPlex 7010, mashine iliyotoka mwaka 2012. Mteja akija na flashi, karatasi inatoka kabla hajatafuta pa kukaa. Nilichobadilisha humo ndani ni diski, nikatoa hadi diski ya kawaida nikaweka SSD, yaani diski ya chipu, na RAM (memori ya kazi ya muda) kidogo.

Kwanza pima, usitoe hela kwa kuhisi. Mashine ikiwa imekwama, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uangalie panapoandikwa Disk. Kama inasoma asilimia 100 huku CPU, yaani prosesa, iko chini kabisa, prosesa yako haina kosa. Imekaa inasubiri diski. Kama Memory nayo imejaa, una matatizo mawili yanayosaidiana, maana RAM ikijaa Windows hutupia mzigo kwenye diski. GB 4 kwa kazi za siku hizi ni kujitesa. Fikisha 8.

Hadi diski ya kawaida ina sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika na kichwa kinachohama huku na huku kutafuta data. Kila kinapohama, milisekunde kumi na kitu zinakwenda. Ukikopi filamu moja ndefu hutasikia maumivu. Ila kuwasha Windows au kufungua Word ni kusoma mafaili madogo mengi yaliyotawanyika, na hapo ni sawa na kumtuma mtoto dukani akuletee chumvi, arudi, umtume kiberiti, arudi, umtume sabuni. SSD haina sahani wala kichwa, inasoma moja kwa moja kwenye chipu. Hadi diski inahudumia maombi madogo kama mia kwa sekunde. SSD, hata ya bei ya chini, inahudumia maelfu.

Kwa hiyo usihangaishwe na kasi iliyoandikwa kwenye boksi. SSD ya SATA, ile njia ya kuunganisha diski na bodi, inafika MB 550 hivi kwa sekunde, lakini mashine ya zamani zaidi yenye SATA ya pili itakomea kwenye 280. Nunua tu. Nafuu unayoitafuta iko kwenye yale mafaili madogo, na hiyo utaipata hata huko. Usichukue ile SSD nyembamba ya NVMe, inayochomekwa kwenye bodi yenyewe, kwa sababu muuzaji amekuambia ndiyo ya kisasa: bodi nyingi za umri huu hazina sehemu ya kuichomeka, na hata ukiiwekea adapta, BIOS ya zamani, ile programu ya bodi inayoamsha mashine, mara nyingi haiwezi kuwashia Windows kutoka humo. Wewe omba SSD ya SATA ya inchi 2.5.

Ukubwa, GB 240 zinatosha steshenari. Windows itakuonyesha kama 223. Hujaibiwa, ni hesabu tu: kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Wizi wenyewe uko kwenye zile za kuchomeka USB zinazojiita TB 2 kwa bei ya kutupa. Ndani kuna kikadi cha memori kilichodanganywa kisome kikubwa, na kikijaa kinaanza kufuta ulichoweka mwanzo. Programu ya H2testw inazijaza data na kuisoma tena, uongo unaonekana. Na kama unauziwa SSD iliyotumika, fungua CrystalDiskInfo mbele ya muuzaji, usome afya yake na saa ilizofanya kazi.

Kufunga si kazi ya kuogopa. Bisibisi, waya wa data wa SATA, waya wa umeme, basi. Pawasaplai isiyo na kichwa cha SATA inahitaji adapta. Zikwepe zile za bei rahisi ambazo plastiki yake imemwagwa ikafunika nyaya, zina historia ya kuungua. Ukishafungua boksi, maliza na mengine. Hewa yetu ya baharini haina huruma na vyuma: pangusa vumbi, chomoa RAM uisugue miguu taratibu kwa kifutio cha penseli, na ubadilishe kile kibetri cha CR2032. Kikifa, tarehe inarudi nyuma, na tovuti zinagoma kufunguka, mteja anadhani bando lako limeisha.

Kukloni, yaani kunakili diski nzima ilivyo, au kupiga Windows upya? Kompyuta ya steshenari ipige upya. Imepokea flashi za mji mzima, na ukikloni unahama na vile virusi vya shotikati pamoja na takataka zake zote. Ingia BIOS kwanza, mpangilio wa SATA uwe kwenye AHCI, maana ukigeuza baadaye Windows inaweza kugoma kuwaka. Fundi wangu ana neno lake: "Mama, chomoa diski ya zamani kabla hatujaanza." Ana sababu. Ikibaki imechomekwa, Windows inaweza kuweka humo mafaili yake ya kuwashia, na siku ukiitoa mashine haiwaki.

Ikishakamilika, irudishe hiyo ya zamani, iwe stoo ya kazi za wateja. Usiweke kila kitu kwenye SSD peke yake. Hadi diski ikitaka kufa mara nyingi huanza kulia na kusuasua. SSD inaweza kuzimika bila kuaga, na kuokoa data yake ni kazi ngumu zaidi. Umeme wetu huu wa kukatika ghafla, UPS ndogo, ile betri ya akiba, inalipa gharama yake.

Usitegemee SSD iharakishe intaneti. Msimu wa maombi ya mikopo ya chuo foleni itakuwepo tu. Kuna na hili la Windows 10: Microsoft iliacha kuihudumia bure Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi mashine hizi. Linux Mint, mfumo wa bure wa kuweka badala ya Windows, inakwenda vizuri sana juu ya SSD, ila barua ya mteja iliyopangwa kwa Word inaweza kuhama mistari, na mteja wa barua ya kazi hataki maelezo. Kwa mashine ya kuchapia tu nisingebabaika. Ile inayoingia kwenye akaunti za watu ningeipa Mint mapema. Na hata ukilazimika kununua sipiyu nyingine mwakani, SSD unaichomoa, unahama nayo.