Kuwapeleka wanafunzi Nairobi kwa treni: niliyojifunza

Mara ya kwanza nilipowatoa wanafunzi Mombasa kwenda Nairobi, tulikodi basi, tukasafiri usiku kucha, kisha mbuga, makumbusho na ngoma za kituo cha utamaduni cha Bomas tukazibana katika siku moja. Kila mtoto alishika karatasi ya maswali ishirini. Waliandika sana, wakaona kidogo. Nilipokaa kusahihisha iliniuma: majibu yote yalifanana.

Sasa tunapanda treni, mchana, na njia yenyewe ndiyo somo. Walimu wenzangu, iacheni ile ya moja kwa moja. Chukueni ya asubuhi inayosimama Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River. Wiki moja kabla, watoto waulize nyumbani maana ya majina hayo. Mmoja alirudi na jibu la babu yake: Mtito Andei ni Kikamba, msitu wa tumbusi. Treni iliposimama pale, behewa zima lilikuwa dirishani likitazama juu.

Mkipita mbuga ya Tsavo msiwaahidi simba. Waonyesheni tembo wekundu, kisha nyamazeni. Wangu walibishana kama hao ni aina nyingine ya tembo, mpaka msichana mmoja, aliyekuwa kimya tangu Miritini, stesheni ya Mombasa tulikopandia, akasema, "Tazameni udongo." Sikuongeza neno.

Majina ya tiketi yalingane na hati za kila mmoja. Stesheni, mizigo hupangwa mstari ikanuswa na mbwa wa polisi. Wasimulieni watoto mapema, maana wawili wangu walilia kwa hofu. Ada za mbuga hulipwa kwa mtandao, si taslimu, na barua ya kuomba bei ya wanafunzi ipelekwe mapema.

Mkishuka Syokimau, mwisho wa treni hiyo, pandeni treni ya abiria wa mjini hadi stesheni kuu. Kutoka hapo Makumbusho ya Reli ni mwendo wa miguu. Mkiwa na saa mbili tu Nairobi, zimalizeni humo. Kuna behewa namba 12, ambamo mwaka 1900, kwenye stesheni ya Kima, afisa wa polisi wa reli Charles Ryall alikesha akimvizia simba aliyekuwa akiua watu. Usingizi ukamchukua, simba akaingia, akamburuta nje kupitia dirishani. Nawaacha watoto wasimame kando ya behewa hilo bila kalamu. Kima iko Makueni, upande ule ule walioupita mchana, na ghafla ramani inakuwa na uzito.

Kesho yake ndiyo tunaingia Mbuga ya Nairobi, kilomita za mraba 117 tu, jiji likionekana nyuma ya twiga. Simamisheni gari mnapoliona daraja la reli ya kisasa, lililoinuliwa juu ya nguzo ili wanyama wapite chini. Hapo natoa swali langu moja la safari nzima: reli na mnyama, nani anampisha mwenzake? Mwaka jana mvulana mmoja alijibu kwamba Ryall hakupishwa, na simba nao hawakupishwa. Wengine wakamkatalia, wakataja nguzo, wakataja uzio. Dereva alizima injini tukawasikiliza.

Bomas tuliiacha safari hiyo. Tutaipa siku yake, watoto wakiwa wamelala vizuri.