Kanuni Tisa Zatosha: Kuongoza Mota ya Induksheni kwa Mantiki ya Fazi

Mota niliyojifunzia mantiki ya fazi, yaani kuongoza mashine kwa kanuni za maneno kama "kidogo" na "sana", ilikuwa ya induksheni, ya fezi tatu na poli (ncha za sumaku) nne, ikivuta mkanda wa kubebea mizigo katika karakana moja ya Changamwe. Kwa umeme wetu wa hezi 50, uga wa sumaku ndani ya mota ya aina hiyo huzunguka mara 1,500 kwa dakika, lakini rota, sehemu inayozunguka, hubaki nyuma kidogo, na kadiri mzigo unavyoongezeka ndivyo inavyozidi kubaki nyuma. Sisi tulihitaji mizunguko 1,200, mkanda uwe mtupu au umejaa.

Nilianza kwa kiburi cha msomi: makundi saba ya kosa la mwendo (tofauti kati ya mwendo tuutakao na uliopo), saba ya badiliko la kosa hilo, jumla kanuni 49, ambazo nusu yake nisingeweza kueleza kwa nini niliziandika. Aliyeniokoa ni mzee mmoja, fundi wa kusuka koili. "Mwanangu," aliniambia, "ikichoka na bado yazidi kuchoka, iongeze upesi, ikiwa imechoka lakini yaanza kupanda, iwache ipande." Kuchoka kwa mota ni mwendo wake kushuka, na hizo ni kanuni mbili kamili za fazi. Lotfi Zadeh, aliyeasisi nadharia hii mwaka 1965, alitaka hasa hisabati iyapokee maneno kama "kidogo" na "sana". Kwa hiyo anza na makundi matatu kwa matatu, kanuni tisa tu, kila moja uweze kuisema kwa mdomo.

Kosa lililonigharimu zaidi lilikuwa kwenye jibu la kidhibiti, yaani programu inayotumia kanuni hizo kuiamuru mota. Nililifanya liwe frikwensi yenyewe ya umeme wa mota, zile hezi zinazopanga mwendo wake, na mota ikaganda karibu na 1,180 bila kufika 1,200, kwa sababu kosa likiwa dogo jibu nalo hudogeka. Jibu liwe nyongeza au punguzo la frikwensi, linalojumlishwa juu ya ile iliyopo kila mzunguko wa programu, huku volti zikifuata kwa uwiano uleule: volti 415 kwa hezi 50, hivyo takriban 332 kwa hezi 40. Jumla hiyo iwekee kikomo, la sivyo mkanda ukikwama itaendelea kupanda kimya kimya.

Baada ya hapo, muda wako uutumie kwenye mizani ya pembejeo, yaani kuamua ni mizunguko mingapi iitwe kosa "kubwa", maana hapo ndipo mwendo hutulia au huyumba.

Na kabla ya kugusa kanuni yoyote, zima umeme uzungushe shafti kwa mkono. Mimi nilizihangaikia kanuni siku mbili nzima, kumbe ni beringi.